Sura ya Sita: Mguu Mmoja Nje ya Mlango

Shangazi yangu ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na maisha yake yote sijamwona akinunua kitu kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Kanga, samaki, godoro, fundi wa kuziba paa: kwa vyote hupatana bei. Nilipokuwa mtoto alinipeleka Soko la Mgandini nimbebee kapu, na nilijua kazi yangu nyingine bila kuambiwa: nimfuate mara tu anapogeuka kuondoka. Hakuwa akiigiza. Alikuwa anaondoka kweli, hatua tano, sita, saba, na macho yake yamekwisha kutua kwenye meza ya muuzaji wa pili. Ndipo ile sauti ikaja nyuma yetu: "Mama, njoo basi! Njoo tuzungumze!"

Mwanamke huyo huyo alikuwa akilipa pauni 47 kwa mwezi kwa intaneti ya nyumbani kwake Reading, magharibi ya London, na kwa miaka minane hakuwahi kuuliza neno.

Niligundua hivyo Oktoba 2024. Nilikuwa nimekwenda kumtazama kwa sababu alilalamika kwamba kila akipiga simu ya video Tanga, sura za watu zinaganda. Nilimwamkia, nikanywa chai, nikainamia rauta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni redio ya marehemu mjomba. Kisha nikaomba kuona bili.

"Arobaini na saba, shangazi?"

"Ndiyo bei yao, mwanangu. Imeandikwa."

Neno hilo, imeandikwa, limenikaa kichwani. Wengi wetu tulioko Ulaya tumelelewa sokoni, ambako bei ni mazungumzo, kisha tukafika nchi ambayo kila kitu kimebandikwa kikaratasi cha bei. Ukijaribu kupatana bei ya mkate dukani, mstari mzima unageuka kukutazama. Mtu hujifunza upesi kunyamaza, na akishajifunza hunyamaza hata pale ambapo wenyeji wenyewe hawanyamazi. Waingereza wengi, mkataba wao wa intaneti ukikaribia kwisha, hupiga simu na kusema wanataka kuondoka, na hawaoni haya kufanya hivyo. Shangazi, ambaye angeweza kuwafundisha kazi hiyo, hakujua kwamba hapa napo pana soko. Na hata angejua, ni soko linaloendeshwa kwa Kiingereza, kwa simu, na mtu asiyeonekana uso. Hilo linaniuma. Pesa iliyokuwa ikimtoka kila mwezi ilikuwa bei ya lugha kabla ya kuwa bei ya intaneti.

Tuanze na jinsi pauni 47 zilivyopatikana, maana hakuna aliyeamka asubuhi akaamua kumtoza kiasi hicho. Alijiunga mwaka 2016 kwa pauni 25, ofa ya miezi 18. Miezi ilipokwisha, ofa ikafa kimya kimya na bei ya kawaida ikachukua nafasi yake. Juu ya hiyo ikaja nyongeza ya kila mwaka. Kwa miaka kadhaa baadhi ya kampuni kubwa za Uingereza ziliandika kwenye mikataba yao kwamba bei itapanda kila masika kwa kiwango cha mfumuko wa bei, kisha ziongeze hapo asilimia 3.9. Mfumuko uliotumika kwa hesabu ya mwaka 2023 ulikuwa asilimia 10.5. Jumlisha: asilimia 14.4 kwa mkupuo mmoja, kwa waya ule ule na kasi ile ile. Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini humo, ilizuia utaratibu huo kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 17 Januari 2025. Sasa nyongeza lazima itajwe kwa pauni na peni tangu siku ya kusaini. Bado inapanda, lakini walau unaiona inavyokuja.

Mteja wa kampuni hiyo hiyo aliyejiunga wiki ile niliyokuwa nakunywa chai angelipa pauni 27. Waya ule ule. Kasi ile ile.

Jambo hili lina historia ndefu kidogo. Septemba 2018 shirika la Citizens Advice, linalotoa ushauri wa bure kwa wananchi, lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani. Lilitaja masoko matano: simu za mkononi, intaneti ya nyumbani, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akaunti za akiba. Likasema wateja waliobaki mahali pamoja walikuwa wakilipa ziada ya pauni bilioni 4.1 kwa mwaka kwa sababu ya kubaki tu. Kwenye bima, sheria ikabadilika: tangu Januari 2022 mteja wa zamani anayehuisha bima ya nyumba au ya gari hatakiwi kutozwa zaidi ya mteja mpya. Kwenye intaneti mamlaka hazikufika huko. Kilichowekwa ni wajibu wa kutoa taarifa. Tangu Februari 2020 kampuni inapaswa kukuandikia kati ya siku 10 na 40 kabla ya mkataba wako kwisha, ikuambie bei itakayofuata na ofa nzuri zaidi ilizo nazo. Ukiwa umekwisha kutoka kwenye mkataba na bado unalipa, ikukumbushe kila mwaka.

Nilimuuliza shangazi kama aliwahi kupata barua kama hizo. Akaniletea bati la biskuti. Ndani mlikuwa na barua za hospitali, za benki, za manispaa, na barua nne za kampuni ya intaneti, zote zimefunguliwa kwa kisu, zimekunjwa tena kwa adabu, na kuhifadhiwa. Zote nne zilimwambia, kwa herufi ndogo na Kiingereza kizito, kwamba analipa zaidi ya inavyolazimu. Sheria ilikuwa imetimizwa barabara.

Sasa niseme kwa nini kampuni hukubali kupunguza. Wengi hudhani ni huruma, au ni kelele za mteja. Sivyo. Ni hesabu, na ukiijua unaongea kwa utulivu.

Jambo la kwanza ni waya. Karibu Uingereza yote inafikiwa na mtandao mmoja wa waya, uliorithiwa kutoka enzi za shirika la simu la umma, British Telecom (BT), kabla halijauzwa kwa watu binafsi mwaka 1984. Tangu 2006 waya huo unasimamiwa na kitengo kiitwacho Openreach, ambacho kinatakiwa kuukodisha kwa kampuni zote kwa masharti sawa. Ndiyo maana BT, Sky, TalkTalk, Vodafone na Plusnet zinaweza zote kukuuzia huduma inayopita kwenye shimo moja la ukuta wako. Virgin Media ina kebo zake yenyewe, na siku hizi zipo kampuni nyingine zinazochimba mitaa na kulaza nyuzi zao. Lakini kwa nyumba nyingi, kuhama kampuni ni kama kuhama duka bila kuhama mtaa: bomba ni lile lile, anayekuuzia maji ndiye anayebadilika. Mteja akitambua hivyo, hofu ya kukatiwa hupungua. Na kampuni inajua kwamba huduma yake haitofautiani sana na ya jirani, kwa hiyo bei ndiyo silaha iliyobaki.

La pili ni gharama ya kumpata mtu mpya. Anatangaziwa kwenye televisheni na kwenye mabasi. Tovuti ya kulinganisha bei inalipwa kamisheni kwa kumleta. Anapewa rauta, mara nyingine kadi ya zawadi ya dukani, na huenda fundi akaja nyumbani. Kisha anapewa bei ya chini kwa mwaka mmoja na nusu au miwili. Mteja wa zamani hahitaji lolote kati ya hayo. Akipunguziwa pauni 15 kwa mwezi bado ni rahisi kuliko kumtafuta mwingine wa kujaza nafasi yake. Ukitaka kuona kwa macho yako kampuni iko tayari kutoa nini, fungua ukurasa wake wa wateja wapya, andika msimbo wa posta wa nyumba yako, na uitazame ile bei. Hiyo ndiyo bei yao ya kweli. Ile unayolipa wewe ni bei ya kunyamaza.

La tatu ni watu. Ndani ya kampuni hizi kuna kitengo maalumu cha kubakiza wateja. Mhudumu wa kawaida unayempata ukipiga simu hana mamlaka ya kukupunguzia sana. Ukichagua njia ya kuondoka kwenye ile orodha ya sauti, unapelekwa kwa mtu mwingine, ambaye kwenye skrini yake kuna ngazi ya ofa na ambaye kazi yake hupimwa kwa idadi ya watu aliowazuia wasitoke. Huanza ngazi ya juu na kushuka polepole, na hushuka tu akiona kwamba unaondoka kweli.

Kitengo hicho kinaweza kugeuka gereza. Julai 2014, huko Marekani, mwandishi wa habari za teknolojia aitwaye Ryan Block alipiga simu kwa kampuni ya Comcast kukatisha huduma ya nyumbani kwake. Alirekodi dakika nane hivi za mwisho za mazungumzo hayo. Mhudumu alimuuliza swali lile lile kwa kila namna: kwa nini hutaki intaneti nzuri kuliko zote? Niambie sababu, nisaidie nielewe. Block alirudia kwa upole kwamba anataka kukatisha, basi. Rekodi ilipowekwa mtandaoni ilisikilizwa na mamilioni, na Comcast ikaomba radhi. Lakini siku chache baadaye ulivuja waraka wa ndani wa mmoja wa wakuu wake, uliokiri kwamba mhudumu yule alifanya mengi ya yale aliyofundishwa na anayolipwa kuyafanya. Naukumbuka waraka huo kila ninapopiga simu kama hizi. Yule anayenizungusha amefunzwa kunizungusha. Hasira yangu haimstahili yeye, na hainipunguzii senti.

Tulikaa meza ya jikoni na shangazi, bili mbele yetu, na tukajiandaa kwa saa nzima kabla ya kugusa simu.

Tulianza na tarehe. Mkataba wake ulikwisha 2017, kwa hiyo hakuwa amefungwa na chochote isipokuwa notisi ya siku 30. Mambo yangekuwa mengine kama angekuwa katikati ya mkataba. Hapo tishio la kuondoka ni upanga wa mbao, maana faini ya kuvunja mkataba huhesabiwa kwa miezi iliyobaki na inaweza kuwa kubwa, na mhudumu anaiona kwenye skrini. Kuna milango ya kutokea bila faini: bei ikipandishwa kwa namna ambayo haikutajwa kwenye mkataba, au kasi ikiwa chini ya ile uliyohakikishiwa na kampuni iliyosaini kanuni za kasi ikashindwa kuitengeneza ndani ya siku 30. Lakini hayo ni madai ya haki, yana lugha yake na kumbukumbu zake za maandishi, na hayafai kuchanganywa na kupatana bei.

Kisha tukatafuta mlango wa pili. Tuliandika msimbo wa posta wake kwenye tovuti za kampuni tatu na kuandika majibu kwa kalamu, nyuma ya bahasha. Moja ilikuwa inatoa kasi ile ile kwa pauni 26, mkataba wa miezi 24. Nikamuuliza shangazi, "Wakikataa kabisa, uko tayari kwenda kwa hawa?" Alifikiri. Aliuliza kama namba ya simu ya mezani itabaki, kwa sababu ndiyo wanayoijua ndugu zake wote. Nikamwambia itahamishwa, lakini lazima tuiombe mapema, tusiache ipotee njiani. "Basi niko tayari," akasema. Niliona mabega yake yanakaa sawa, kama Mgandini.

Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasikia kwamba ukitishia kuondoka unapunguziwa, wanapiga simu na tishio tupu, mhudumu anasema "sawa, nakukatia tarehe fulani," na wao wanaanza kubabaika. Muuzaji wa kanga anamtambua mteja asiye na pa kwenda kwa namna anavyotembea. Mhudumu wa simu anamtambua kwa sauti. Sipendi pia ushauri unaozagaa kwamba ubuni ofa ya uongo kutoka kampuni nyingine. Kwanza ni uongo. Pili mhudumu anazo ofa za washindani mbele yake, na ukitaja bei isiyokuwepo umempa sababu ya kutoamini neno lako jingine lolote. Ofa za kweli ziko wazi kwa kila mwenye simu. Za uongo za nini?

Shangazi alitaka niongee mimi. Nikakataa, na haikuwa kwa ukaidi. Akaunti ni yake, wangehitaji idhini yake, na nilitaka ajisikie akifanya. Tuliweka simu kwenye spika. Niliandika Kiingereza alichohitaji kwenye karatasi, sentensi nne tu: nimekuwa mteja wenu tangu 2016, nalipa 47, kampuni nyingine inanipa 26, nataka kuondoka isipokuwa mnipe bei inayokaribia hiyo. Chini yake nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa: KISHA NYAMAZA.

Kijana aliyepokea alikuwa mpole. Alimshukuru kwa miaka yake minane, akabonyeza vitufe vyake, akasema amepata habari njema: pauni 41. Shangazi akasoma tena sentensi ya tatu. Kijana akasema anaweza kumwongezea kasi, karibu mara mbili, kwa pauni 44. Hapo shangazi alinitazama, nami nikatikisa kichwa. Hii ni hila ya zamani kuliko simu. Ukiomba punguzo la bei ya nyanya, muuzaji anakuongezea fungu la mchicha. Mchicha ni mzuri, lakini pesa uliyokuja kuiokoa imebaki mfukoni mwake. Kasi ya megabiti 36 inamtosha mama anayeishi peke yake na kuongea na Tanga jioni. Tatizo la sura kuganda, nililigundua baadaye, lilikuwa rauta kufungiwa nyuma ya televisheni chini ya kitambaa.

Zikaja chaneli za filamu za bure miezi mitatu. Ikaja laini ya simu ya mkononi. Shangazi akasema, kwa Kiingereza chake mwenyewe ambacho hakikuwa kwenye karatasi, kwamba laini anayo na filamu hatazami, na sasa anaomba tarehe ya mwisho ya huduma yake. Kisha akanyamaza. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia kijana akipumua. Nilitaka kusema kitu mimi, kimya kilinielemea, lakini yeye alikaa mikono imekunjwa kama mtu anayesubiri basi analojua litakuja.

"Hebu nikuweke kidogo, niulize," akasema kijana.

Dakika nne za muziki. Aliporudi ilikuwa pauni 33, na kabla shangazi hajajibu, akashuka mwenyewe hadi 28, miezi 18.

Pauni mbili juu ya yule mwingine. Tulizipima. Mkataba mfupi kwa miezi sita, hakuna fundi, hakuna siku ya kukaa bila simu, namba ya mezani haiguswi. Shangazi akaona inafaa. Lakini kabla ya kukubali nilimnong'oneza maswali matatu, ambayo naona ni muhimu kuliko punguzo lenyewe. Bei hii itapanda lini na kwa kiasi gani? Jibu: pauni 3 kila Aprili. Je, kuna malipo ya kuanza mkataba mpya? Hakuna. Utanitumia haya yote kwa maandishi leo? Ndiyo. Basi hesabu ya kweli ilikuwa hii: miezi sita kwa 28, miezi kumi na miwili kwa 31, jumla pauni 540. Kwa bei ya zamani angelipa 846, hata kama isingepanda tena. Tofauti ni pauni 306, kwa simu ya dakika ishirini na sita. Na kwa kuwa mkataba ulifanyika kwa simu, sheria inampa siku 14 za kubadili mawazo.

Mwezi mmoja kabla ya simu yetu, tarehe 12 Septemba 2024, Uingereza ilianza utaratibu mpya wa kuhama. Zamani, ukitaka kutoka kwenye mtandao wa kampuni moja kwenda kwenye waya wa kampuni nyingine, kwa mfano kutoka Virgin Media, ilikubidi umpigie yule unayemwacha, na hapo ndipo watu walipozungushwa. Sasa unaongea na kampuni mpya tu. Ile ya zamani inakutumia maelezo ya nini kitatokea, ukikubali unahamishwa, na haiwezi kukutoza notisi ya siku zinazozidi tarehe uliyohama. Naupenda utaratibu huu kwa moyo wote. Umemwondolea mtu mwoga ulazima wa kuomba ruhusa ya kutoka. Anayetaka kupatana bado ana simu yake. Asiyetaka ana mlango usio na bawabu.

Nairobi, ambako binamu yangu anaishi, mazungumzo haya yasingekuwa na maana hata kidogo. Huko intaneti ya nyumbani kwa kawaida hulipwa kabla. Mwezi ukiisha na hujalipa, inazima, na hakuna mkataba wa kuvunja. Usipolipa siku tatu, simu inaita: kuna shida gani, tukusaidie? Kimya cha mteja ndicho tishio. Lakini kimya kinahitaji kuwa na pa kwenda pia, na nyumba nyingi za ghorofa zina waya wa kampuni moja tu iliyopatana na mwenye nyumba. Hapo unaweza kukasirika mpaka kesho.

Nguvu ilipatikana pale mlango mpya ulipofunguka juu ya paa. Starlink, intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023, na Agosti 2024 ikaanza kukodisha kifaa chake kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, ikawa mtu hahitaji tena kununua sahani ya makumi ya maelfu. Mwezi uliofuata Safaricom ikapandisha kasi za nyuzi zake za nyumbani bila kugusa bei: kifurushi cha shilingi 2,999 kikatoka megabiti 10 hadi 15, na cha 6,299 kikatoka 40 hadi 80. Binamu yangu hakupiga simu kumtishia mtu. Aliamka tu akakuta kasi imeongezeka. Mwezi wa kumi na moja Starlink ikasimamisha kupokea wateja wapya Nairobi kwa kuwa uwezo ulikuwa umejaa, na mlango ukafungwa kwa miezi. Kasi haikurudishwa chini, ila nadhani kila aliyekuwa na hamu ya kudai zaidi alihisi ardhi ikilegea chini ya miguu yake.

Narudi Reading, kwa sababu hadithi ya shangazi haikuishia kwenye zile pauni 28, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike sura hii.

Januari 2025 nilikuwa namsaidia kujaza fomu nyingine. Shangazi alisafisha wodi za hospitali kwa miaka ishirini na mmoja, pensheni yake ni ndogo, na serikali humwongezea kidogo kupitia msaada uitwao Pension Credit. Nilipokuwa natafuta namba fulani nikakutana na jambo ambalo nilipaswa kulijua siku ile ya bati la biskuti. Kampuni nyingi za intaneti Uingereza zina vifurushi vya bei nafuu kwa wanaopata misaada ya namna hiyo. BT, kwa mfano, ilianza chake Juni 2021 kwa pauni 15. Havitangazwi kwenye mabasi. Aprili 2023 Ofcom iliripoti kwamba kaya 220,000 tu zilikuwa zimejiunga, kama asilimia 5 ya zilizostahili.

Kampuni ya shangazi nayo ilikuwa na kifurushi kama hicho. Pauni 20, kasi ile ile, na mtu aliye ndani ya mkataba wao anaruhusiwa kuhamia bila faini. Siku ile ya Oktoba, katika dakika ishirini na sita, alipewa kasi, akapewa filamu, akapewa laini. Kifurushi hicho hakikutajwa. Huenda hakikuwa kwenye skrini ya kijana yule. Huenda kilikuwa kwenye kitengo kingine, chenye namba nyingine, ambacho hakipimwi kwa watu waliobakizwa. Kwa vyovyote, tulikuwa tumesherehekea pauni 28 kwa biriani.

Nilimweleza yote. Hakukasirika. Aliuliza swali moja.

"Ningemuuliza, angeniambia?"

"Nadhani angekuambia, shangazi."

"Basi kinaitwaje? Kiandike jina lake."

Nikaliandika kwenye karatasi ile ile ya sentensi nne, ambayo bado ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Alipiga simu mwenyewe, bila spika, mimi nikiwa sebuleni. Ilichukua dakika tisa. Aliporudi alikuwa amevaa miwani na ameshika kile kitabu chake cha namba za simu, kilichochakaa kona zote, na akaketi kwenye kochi akifunua kurasa kwa kidole kilicholowa mate.

"Unampigia nani?"

"Mwenzangu wa Slough," akasema. "Tulisafisha wodi moja. Yeye analipa hamsini na mbili."